Muziki unasikika safi, mbona simu haisikiki?

Shangazi yangu anayeishi Muheza ndiye aliyenizindua. Nilikuwa nimenunua vipokeasauti vya shingoni, vile visivyo na waya wa kuchomeka kwenye simu, ambavyo mtaani tunaviita hedifoni za shingoni, na kwa wiki nzima nilikuwa nikisikiliza muziki na taarifa ya habari kwa sauti safi kuliko nilivyotarajia kwa bei ile. Jumapili nikampigia. Baada ya shikamoo na marahaba akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mwanangu, mbona unaongea kama uko ndani ya pipa? Hebu toka nje nikusikie.” Nilikuwa nje tayari, nimesimama kituoni Buguruni, na yeye nilikuwa namsikia vizuri kabisa, kana kwamba tumekaa naye barazani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa Dar es Salaam vipokeasauti vya shingoni si pambo. Mtu anayezungumza na simu mkononi karibu na dirisha la daladala anajua kwamba inaweza kupokonywa kabla hajamaliza sentensi, na mama lishe mwenye mikono iliyojaa unga hawezi kushika simu kila inapoita. Kifaa kinachotulia shingoni, kisichodondoka mtaroni kama vile vidogo vinavyokaa sikioni peke yake, na kinachomwezesha mtu kupokea simu kwa kubonyeza mara moja huku simu yenyewe ikiwa ndani ya mkoba, kinawafaa watu hawa kuliko kingine chochote. Ndiyo maana inaniuma kuona wengi wakikinunua kwa kipimo kisicho chake.

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uulizie kifaa hicho. Muuzaji atakitoa kwenye boksi, atakiunganisha na simu yake, atakuvalisha na kuwasha wimbo wenye bezi nzito, kisha atasubiri uso wako ubadilike. Utasikia kila ngoma, utaridhika, utalipa. Katika hatua hizo zote hakuna aliyepiga simu. Umepima kile kinachoingia masikioni mwako, ilhali katika mazungumzo nusu ya kazi ya kifaa ni kuchukua kile kinachotoka kinywani mwako na kukifikisha kwa mtu ambaye hayupo dukani, na ambaye bezi uliyoilipia haitamfikia kamwe.

Ili kuelewa kwa nini kazi hizo mbili zinatofautiana kiasi hicho, inafaa kuanza na njia ambayo sauti hupita. Bluetooth ni mawasiliano ya redio ya umbali mfupi yaliyoanza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi, kwa lengo la kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake, na jina lake limetokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, eneo lilelile linalotumiwa na Wi-Fi na majiko ya maikrowevu. Ili kuepuka kugongana na wengine, simu na kifaa chake huhama pamoja kutoka mkondo mmoja hadi mwingine kati ya mikondo 79, mara 1,600 kwa sekunde moja, kwa mpangilio ambao wao wawili tu wanaufuata. Kwa hiyo abiria 30 ndani ya basi moja la mwendokasi wanaweza kusikiliza kila mmoja chake bila sauti zao kuchanganyika.

Ndani ya Bluetooth hiyohiyo, hata hivyo, kuna njia mbili za sauti, na simu yako hubadilisha njia bila kukuuliza. Njia ya kwanza ni ya muziki. Hapa sauti husafiri upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kuja masikioni, kulia na kushoto kila upande na sauti yake, na kwa mfumo wa kawaida kabisa inaweza kubeba takriban kilobiti 328 kwa sekunde. Kwa kuwa wimbo hauna haraka, kifaa hujiwekea akiba ndogo kabla ya kuucheza, kama nyumba yenye tanki la maji juu ya paa: bomba la mtaani likikatika kwa muda mfupi, anayeoga hajui. Kipande cha sauti kilichopotea njiani huombwa upya, kikaletwa na kupangwa mahali pake kabla zamu yake haijafika.

Njia ya pili ni ya mazungumzo, na hii haina tanki. Kuweka akiba maana yake ni kuchelewesha, na watu wawili wanaocheleweshewa maneno huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Kwa hiyo hapa unakinga maji moja kwa moja bombani. Sauti hupita pande zote mbili kwa wakati mmoja, kipande kilichopotea hakipewi nafasi kubwa ya kurudiwa, na mkondo wenyewe ni wa kilobiti 64 tu kwa sekunde kwa kila upande, bila mgawanyo wa kulia na kushoto. Kama umewahi kuona sauti ya mchezo wa kwenye simu ikidhoofika ghafla mara tu maikrofoni inapowashwa, ujue hakuna kilichoharibika. Simu imehama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili. Na kama muziki unapiga masikioni lakini simu zinazoingia zinasikika kwenye simu yenyewe, fungua mipangilio ya Bluetooth uguse jina la kifaa chako, kwa kuwa kwenye simu nyingi za Android njia hizo mbili zina swichi mbili tofauti, na mara nyingi utakuta ile ya simu imezimwa.

Katika njia hiyo ya pili kuna jambo linalomgusa mzungumzaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mfumo wa zamani wa kubeba sauti, ambao vifaa vyote vya kupokelea simu huukubali, huchukua sampuli, yaani vipimo vifupi, 8,000 za sauti kwa sekunde, na hivyo hauwezi kubeba kitu chochote kilicho juu ya hezi 4,000, yaani sauti nyembamba zenye mitetemo zaidi ya 4,000 kwa sekunde. Mitandao ya simu yenyewe imezoea kukata hata chini ya hapo, ikibakiza sauti kati ya hezi 300 na 3,400. Irabu zetu hupita bila shida. Lakini konsonanti kama s na f, ambazo sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya mpaka huo, hufika zikiwa mvumo tu usio na sura, na msikilizaji hubaki akikisia. Mwambie mtu kwamba jina la fulani kwenye orodha ya mchango wa harusi “nimelifuta, na yeye mwenyewe nimemfuta kwenye kundi”, naye akasikia “nimemsuta”, uone maneno yatakavyosambaa kabla ya jioni. Mwaka 2011 kanuni za Bluetooth ziliongezewa mfumo mpana unaochukua sampuli 16,000 kwa sekunde, na humo s na f hurudi na sura zao. Upana huo lakini haupatikani kwa kifaa peke yake: simu yako, mtandao wako, mtandao wa unayempigia na simu yake lazima vyote viukubali, na kimoja kikikataa mazungumzo yote hushuka hadi kwenye wembamba wa zamani.

Hapo ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapopotosha, hata pasipo nia mbaya. Muuzaji atakuonyesha “5.3” na kukuambia kwamba hiyo ni mpya kuliko “5.0”, na ni kweli kwa hesabu ya matoleo. Lakini Bluetooth 5, iliyotoka mwaka 2016, iliongeza kasi maradufu na umbali hadi mara nne katika upande wake unaotumia umeme kidogo, upande wa saa za mkononi na vipima mapigo ya moyo, ilhali mazungumzo ya simu kwenye vifaa vingi vilivyopo sokoni bado hupita upande wa zamani. Mfumo mpya wa sauti uliotangazwa mwaka 2020 pamoja na toleo la 5.2 unaweza kubadilisha hali hiyo, mradi simu na kifaa vyote viwe vimetengenezwa kwa ajili yake. Namba iliyo kwenye boksi haikuambii hilo. Wala huwezi kubaini bidhaa bandia kwa kupiga *#06#, kama tulivyozoea tangu Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 2016, kwa sababu kifaa cha shingoni hakijiungi na mtandao wa simu na hakina namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu.

Sasa tuje kwenye maikrofoni, ambako naamini ndiko pipa la shangazi lilikokuwa. Ukishika simu sikioni, tundu la maikrofoni liko sentimita chache kutoka mdomoni. Kwenye kifaa cha shingoni, tundu hilo kwa kawaida liko kwenye kile kipande kigumu chenye vibonye, kinacholala juu ya mtulinga, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho, lakini nguvu ya sauti hupungua hadi robo kila umbali unapoongezeka maradufu. Kutoka sentimita 5 hadi 20 umbali umeongezeka maradufu mara mbili, kwa hiyo maikrofoni inapata robo ya robo ya sauti yako. Kelele za kituoni, kwa upande wake, hazipungui hata kidogo, maana zinatoka kila upande, na kwa honi ya daladala shingo na mdomo viko mahali pamoja.

Ongezea nguo. Mimi navaa ushungi, na kwa wiki nzima ile nilikuwa nimekificha kifaa chini yake kwa kuhofia wezi, pasipo kufikiri kwamba kitambaa kinachoruhusu sauti nene kupita huzuia zile nyembamba, yaani zilezile s na f ambazo tayari zilikuwa taabani. Wenye mashati ya kola hukutana na tatizo jingine, kwani kola husugua tundu kila mtu anapogeuza shingo, na msikilizaji husikia mkwaruzo mkubwa kuliko maneno. Kuutoa mkono mmoja wa kifaa juu ya ushungi, ule wenye vibonye, kulibadilisha sauti yangu kuliko jambo lolote nililolijaribu baadaye.

Watengenezaji wanalijua tatizo la umbali, na jibu lao ni programu ndogo ndani ya kifaa inayojaribu kutenganisha sauti ya mtu na kelele. Hapa kuna mkanganyiko unaowaponza wanunuzi wengi. Kuzima kelele kuna namna mbili: moja hupunguza kelele zinazoingia masikioni mwako ili usikie vizuri, na nyingine husafisha sauti inayotoka kwako ili usikike vizuri. Zote mbili huandikwa kwenye boksi kwa maneno yanayofanana, na muuzaji akisema “hii inazima kelele” muulize inazizima kwa faida ya nani. Vifaa vyenye maikrofoni mbili hulinganisha sauti ilivyofika katika kila tundu na kukisia ipi inatoka mdomoni. Chenye maikrofoni moja hutegemea kukisia tu kwamba kinachovuma mfululizo ni kelele na kinachopanda na kushuka ni maneno.

Ukisiaji huo una gharama, na kwetu gharama ni kubwa kuliko kwa wanaozungumza lugha nyingine nyingi. Programu inayosubiri kuhakikisha kwamba kweli mtu ameanza kuongea ndipo ifungue mlango humeza silabi ya kwanza. Kwa Kiswahili, silabi ya kwanza ya kitenzi ndiyo inayobeba nafsi na ukanushi. “Nitakuja” na “sitakuja” zikikatwa kichwa zote hubaki “takuja”, na aliyekusubiri Mbezi kwa saa mbili hatakuwa amekosea kusikia, maana ndivyo ilivyomfikia. Nimejizoesha, ninapotumia kifaa hiki mahali penye kelele, kuanza na neno la kutangulia kabla ya jibu lenyewe: “Aa, shangazi, sitakuja.” Lile “aa” linamezwa badala ya “si”.

Kuna pia kosa tunalolifanya wenyewe pasipo kujua. Masikio yakizibwa na ile mipira ya vipokeasauti, sauti yako hukufikia kwa kupitia mifupa ya kichwa na kukuvumia kwa nguvu, huku kelele za nje zikififia. Mwili unaamua kwamba pametulia na sauti inatosha, nawe unapunguza sauti ukiwa katikati ya Kariakoo. Simu za mezani zilikuwa na ustadi wa kukurudishia sauti yako kidogo sikioni ili ujipime; vifaa vingi vya shingoni vya bei ya chini havina. Tiba ni rahisi: toa kimoja sikioni, kiache kining'inie kifuani. Kwa kuwa sauti ya simu ni ileile kulia na kushoto, hupotezi neno hata moja, unajisikia unavyoongea, na ukivuka Barabara ya Morogoro unasikia basi linalokuja.

Kukatikakatika ni jambo tofauti na kufifia, na chanzo chake mara nyingi ni mwili wa mwenye simu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hunywewa na maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na antena ya kifaa ikiwa upande wa mbele wa shingo, mawimbi yanatakiwa kukupenya. Ndani ya nyumba au basi hupata njia ya kuzunguka kwa kugonga kuta na mabati na kurudi, lakini kwenye uwazi hakuna cha kugonga. Ndiyo maana watu hushangaa kwamba kifaa kinachofanya kazi vizuri ndani ya mwendokasi uliojaa hukatika juu ya feri ya Kigamboni, mahali pasipo na kizuizi chochote. Kuihamishia simu mfuko wa mbele, upande uleule wa mkono wenye vibonye, mara nyingi hutosha.

Baada ya miezi kama saba sauti yangu ilififia tena, nikadhani kifaa kimekufa. Fundi mmoja pale Makumbusho alikigeuza chini ya taa, akanipa kioo cha kukuzia na kusema, “Dada yangu, hii haijafa, imeziba.” Tundu la maikrofoni lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini, na ndani yake kulikuwa na utando mweupe uliokauka, jasho na poda ya shingoni vilivyoshikana kama chokaa. Aliusugua taratibu kwa brashi kavu yenye nywele laini huku tundu likiwa limeelekezwa chini ili uchafu uanguke nje. Hakutumia sindano wala kupuliza, akieleza kwamba nyuma ya kile kitambaa cha wavu kuna utando mwembamba unaotoboka upesi. Kwenye tundu la chaja alinionyesha kutu ya kijani inayoanza, kazi ya chumvi ya jasho kwenye shaba. Alama ya kustahimili maji, IPX4 au IPX5, kwenye boksi hupimwa kwa maji safi, na haiahidi chochote kuhusu chumvi, iwe ya jasho au ya upepo wa bahari, kwa hiyo kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni na kisichajiwe kikiwa na unyevu. Joto nalo halikifai, kwa kuwa betri za lithiamu huzeeka haraka zikiachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

Wanaohofia mionzi wanaweza kutulia kidogo. Vifaa vingi vya aina hii havizidi miliwati 2.5, wakati simu ya 4G iliyobandikwa sikioni inaweza kurusha hadi takriban miliwati 200. Hofu inayostahili zaidi ni ya ukubwa wa sauti: Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa desibeli 90 saa hizo hushuka hadi 4, na ndani ya daladala ni rahisi sana kupandisha sauti bila kufikiri.

Niliporudi Aggrey mwezi uliopita kununua kingine, nilimwomba muuzaji aniruhusu kupiga simu badala ya kusikiliza wimbo. Nilitoka barazani mwa duka, mikokoteni ikipita, nikampigia shangazi mara tatu kwa vifaa vitatu na kumsomea maneno yaleyale: nimemfuta, nimemsuta, nitakuja, sitakuja, pamoja na namba ya simu yenye sita na saba nyingi, nikimwomba ayarudie. Viwili vya kwanza alikosea kila kimoja mahali pake. Cha tatu alikirudia chote bila kusita, nacho ni kile ambacho muuzaji alikuwa amenishauri nikiache kwa sababu bezi yake ni ndogo. Maikrofoni yake haiko juu ya mtulinga, bali imening'inia kwenye waya mfupi unaopanda sikioni, karibu na kidevu, nje ya ushungi.